Uso mmoja katika mahandaki mawili: Namna picha zinavyosema dhidi ya vita

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

SIFA zote njema anastahiki Allah (Subhaanahu Wataala), Mola aliyeiharamisha dhulma juu ya nafsi Yake na akaiharamisha baina ya waja Wake. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu alayhi wasallam), jamaa zake, Maswahaba wake na wote wanaofuata uongofu mpaka siku ya malipo. Ama baada ya hayo:

Ndugu msomaji, kama utapita katika mitaa ya Miembeni, mjini Bukoba, baina ya swala ya Magharibi na Isha, utaona jambo ambalo wazee wetu hawakulijua. Vijana wanne au watano wameinamia simu moja. Mara nyingine ni mpira, mara nyingine ni muziki, na mara nyingine ni vita. Mizinga inanguruma ndani ya kioo kidogo, nyumba zinaanguka, kisha kidole kinasogeza na kinakuja kichekesho.

Mzazi anayepita huuliza swali moja tu: "Huo muziki mnaousikiliza ni halali?" Ni swali zuri, nasi tutaligusa. Lakini lipo swali la pili ambalo ni wachache wanaoliuliza: Hizo picha zinamfundisha nini mtoto kuhusu damu ya binadamu? Makala ya leo inalitazama swali hilo kwa kuzichambua baadhi ya video za muziki zilizotengenezwa makusudi ili kuipinga vita, na kuzipima kwa mizani ya dini yetu na kwa kumbukumbu ya mkoa wetu.

Vita tuliyoisikia bila kuiona

Tuanzie nyumbani. Watu wa Bukoba hawahitaji kusimuliwa vita na wageni. Tarehe 18 Oktoba, 1978 ndege za kivita za Uganda ziliushambulia mji huu. Madhara ya mabomu yenyewe hayakuwa makubwa, lakini vishindo vyake vilipasua vioo vya madirisha na watu wakaingiwa na hofu kuu. Mwishoni mwa mwezi huo majeshi ya Idi Amin yaliingia katika eneo la kaskazini ya mto Kagera. Tarehe 1 Novemba, 1978 Amin akatangaza kuwa eneo hilo, lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 1,800, sasa ni la Uganda. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka likavunjwa. Raia waliuawa, ng'ombe wakaswagwa kuvushwa mpaka, kiwanda cha sukari kikaporwa, na maelfu ya watu wakakimbia na vitu walivyoweza kubeba kichwani.

Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na televisheni, ambayo ilikuja mwaka 1994. Vita ile ilizifikia familia kupitia Redio Tanzania Dar es Salaam: hotuba ya Mwalimu Nyerere, taarifa za habari, na nyimbo za kuhamasisha. Aliyekuwa mbali na Kagera aliisikia vita asiione. Aliyekuwa Kagera aliiona, akainusa, akazika. Wilayani Muleba, katika eneo la Kaboya, yapo makaburi ya mamia ya askari wetu, na kila kaburi lina mama aliyesubiri mlangoni mtoto asirudi.

Kizazi cha leo kimegeuziwa mambo. Kinaiona vita kila siku, ila bila harufu yake, bila njaa yake na bila majina ya waliokufa. Hapo ndipo ulipo umuhimu wa kujua namna picha inavyofanya kazi, kwani picha inaweza kumfanya mtoto aichukie dhulma na picha hiyo hiyo inaweza kumfanya aitamani.

Uso mmoja, sare mbili

Mwaka 1983, mwimbaji wa Uingereza Paul McCartney alitoa video ya wimbo wake "Pipes of Peace". Hadithi ya picha zake inatokana na tukio la kweli la Desemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ambapo askari wa Uingereza na wa Ujerumani katika baadhi ya sehemu za mstari wa mapambano waliacha kupigana wakati wa Krismasi, wakatoka mahandakini na kusalimiana.

Katika video hiyo tunawaona askari wa pande mbili wakiwa kwenye tope na baridi. Wanatoka, wanakutana katikati, mahali ambapo siku iliyotangulia mtu asingeweza kusimama akabaki hai. Wanacheza mpira. Ofisa Mwingereza na ofisa Mjerumani wanatoleana picha za familia zao. Ghafla bomu linalipuka karibu, kila mmoja anakimbilia handaki lake, na huko ndiko kila mmoja anapogundua kuwa amebaki na picha ya familia ya adui yake mkononi.

Mtazamaji makini huona jambo jingine. Maofisa wale wawili wameigizwa na mtu mmoja, McCartney mwenyewe. Uso ni mmoja, zilizobadilika ni sare tu. Hakuna sauti inayomweleza mtazamaji kuwa adui ni binadamu kama wewe. Macho yanamwambia yenyewe, na moyo unakubali kabla akili haijaanza kubishana.

Tazama pia ile picha ndogo ya familia. Mtengenezaji wa video angeweza kuonyesha maiti elfu moja. Badala yake ameonyesha karatasi moja inayoshikika kwa vidole viwili. Maiti elfu humfanya mtu afumbe macho, bali picha ya mke na mtoto wa adui humfanya ajiulize: Kesho nikifyatua risasi, nani atawapelekea hawa habari?

Ndugu Waislamu, somo hili si geni kwetu. Aya ya 13 ya Suratul Hujuraat inatufundisha kwamba wanadamu wote asili yao ni mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, na kwamba mataifa na makabila yamewekwa ili watu wajuane. Sisi wa Kagera tunalishuhudia hilo kwa macho, kwani aliyechora mpaka wa Mtukula hakuuliza ndugu wa nani anabaki upande gani. Lugha za pande mbili zinasikilizana, ndizi ni zile zile, na misikiti inaelekea kibla kimoja. Katika vita ya mwaka 1978 na 1979 Waislamu walikuwamo katika majeshi yote mawili. Uso mmoja, sare mbili.

Viongozi ulingoni

Njia ya pili ni kejeli. Mwaka 1984 kundi la Frankie Goes to Hollywood la Uingereza lilitoa video ya wimbo "Two Tribes". Hiyo ilikuwa zama ya hofu ya silaha za nyuklia baina ya Marekani na Urusi ya Kisovieti. Ndani ya video, waigizaji wawili waliofananishwa na Rais Ronald Reagan na kiongozi wa Kisovieti Konstantin Chernenko wanapigana mieleka. Wanaumana, wanavutana, na wanaowatazama wanaishia kupigana pia. Mwishoni dunia nzima inalipuka.

Kejeli hiyo inauliza swali zito kwa sura ya mchezo: Kwa nini wanaoamua vita si wao wanaokufa vitani?

Msomaji wa Kagera atatabasamu kwa uchungu, kwani sisi tulilisikia wazo hilo miaka kadhaa kabla ya video hiyo. Iliripotiwa duniani kuwa Idi Amin, ambaye alikuwa bondia katika ujana wake, alipendekeza yeye na Mwalimu Nyerere wamalize ugomvi wao ulingoni, mwamuzi akiwa Muhammad Ali. Dunia ilicheka. Lakini ona tofauti. Msanii anapowapandisha viongozi ulingoni anawaaibisha kwa niaba ya wanyonge, ilhali kiongozi mwenye jeshi anapoleta mzaha huo huku watu wanazikwa Kyaka, anawadhihaki wanyonge wenyewe. Picha ni moja, maana ni mbili. Kwa hiyo haitoshi kutazama kinachoonyeshwa, ni lazima kuuliza anayeonyesha ni nani na amesimama upande gani.

Sauti kutoka Afrika Mashariki

Asidhani msomaji kuwa haya ni mambo ya Ulaya peke yake. K'naan ni Msomali aliyezaliwa Mogadishu katika familia ya Kiislamu. Babu yake, Haji Mohamed, alikuwa mshairi mashuhuri, na shangazi yake Magool alikuwa mwimbaji mkubwa wa Somalia. Mwaka 1991, serikali ya nchi hiyo ilipoanguka, yeye akiwa bado mtoto alikimbia na mama yake, na hatimaye akakulia Canada. Wimbo wake wa miaka ya 2000 uitwao "Soobax", maana yake "jitokezeni", unawahutubia wababe wa vita waliowachosha raia. Video yake ilipigwa hapa jirani, Kenya, miongoni mwa Wasomali waliokimbilia huko.

Nguvu ya picha zake ni watu. Wimbo unawazungumzia wenye bunduki, lakini macho ya mtazamaji yanajazwa na umati wa raia: vijana, watoto na nyuso za mitaani. Mbabe wa vita hupenda kuonekana mkubwa na raia waonekane wadogo. Kamera ikiwajaza raia kwenye kioo, ukubwa unarudi kwa wenyewe.

Mwaka 2005 ukatoka mkusanyiko wa nyimbo uitwao "Ceasefire", yaani kusitisha mapigano. Uliwakutanisha Wasudani wawili. Mmoja ni Emmanuel Jal, Mkristo wa kusini aliyepewa bunduki akiwa mtoto na baadaye akapata hifadhi Kenya. Mwingine ni Abdel Gadir Salim, Muislamu wa Kordofan, bingwa wa udi. Vita ya kaskazini na kusini ya Sudan ilikuwa imekula watu kwa zaidi ya miaka 20, na hapo wawili hao wakasimama pamoja katika jalada moja. Kabla hujasikia neno lolote, kusimama kwao pamoja kulikuwa ni tamko tosha.

Abdel Gadir Salim alikuwa na kovu la aina nyingine pia. Novemba 1994, mtu mwenye kisu aliingia katika klabu ya wanamuziki mjini Omdurman, akamuua mwimbaji Khojali Osman na kumjeruhi Salim. Mtu anaweza kushikilia kwamba udi ni haramu, na hiyo ni rai yenye wanazuoni wake. Lakini ni elimu gani inayoona dhambi katika nyuzi za udi na isiione katika damu ya muumini?

Je, muziki wenyewe?

Hapa hatuna budi kusema kwa uadilifu. Jamhuri ya wanazuoni wa madhehebu manne, na miongoni mwao ni Mashafii ambao ndio wengi wetu Afrika Mashariki, walikataza ala nyingi za muziki, wakaruhusu dufu katika harusi na sikukuu. Ibn Hazm wa Andalusia alizidhoofisha hadithi za makatazo hayo, na katika zama zetu Sheikh Yusuf al-Qaradawi, aliyefariki mwaka 2022, aliruhusu kwa masharti: maneno yasiwe machafu, yasiambatane na maasi, na yasimshughulishe mtu akaacha wajibu wake. Kila familia na ifuate wanazuoni inaowaamini, bila kutukanana.

Yusuf Islam wa Uingereza ni mfano wa kutafakari. Alikuwa nyota wa muziki kwa jina la Cat Stevens. Aliposilimu mwaka 1977 aliuacha, na alipoanza tena kurekodi katika miaka ya 1990 alitumia sauti na ngoma tu. Moja ya kazi hizo, ya mwaka 1998, ilikuwa kwa ajili ya Waislamu wa Bosnia. Jina lake linatokana na wimbo wa Dk. Irfan Ljubijankić, Waziri wa Mambo ya Nje wa Bosnia, ambaye alimpa kanda yake, kisha akauawa Mei 1995 helikopta yake ilipotunguliwa. Jina hilo ni tamko la mtu asiye na mizinga inayonguruma. Hivyo ujumbe wa kupinga dhulma unaweza kufika hata bila gitaa.

Lakini, ndugu mzazi, hapa ndipo penye hatari ambayo wengi hatuioni. Wapo wanaotumia kasida zisizo na ala hata moja, maneno ya Kiarabu na bendera zenye shahada, ili kuwaita watoto wetu kwenye mauaji. Al-Shabaab wametengeneza video kwa Kiswahili zikiwalenga vijana wa Afrika Mashariki. Kundi lililojiita Dola ya Kiislamu lilifanya kasida kuwa silaha yake kubwa ya kuvutia vijana. Mzazi aliyefundishwa kuchunguza ala peke yake atamnyang'anya mtoto video yenye gitaa inayomfundisha kuhurumia, na atamwachia ile yenye kasida inayomfundisha kuua. Ala si kipimo pekee.

Ukizitazama video hizo za wachochezi utaona zinageuza kila kitu tulichokitaja. Uso wa adui hauonyeshwi, anaitwa kwa jina la mnyama au la najisi. Picha ya familia haipo. Aliyekufa anaonyeshwa akitabasamu, lakini mjane wake na watoto wake hawaonyeshwi. Ukitaka kuijua video inayokudanganya juu ya vita, tafuta waliofichwa.

Mizani ya Uislamu

Je, Uislamu unapinga vita vyote? Hapana, na tusiwadanganye watoto. Suratul Hajj, aya ya 39, imewaruhusu waliodhulumiwa kujitetea. Taifa lililovamiwa mwaka 1978 lilikuwa na haki ya kumwondoa mvamizi, na waliolala Kaboya walikufa wakilinda watu wao. Hapa zile video za Ulaya zina upungufu, kwani zikionyesha kila vita kuwa ni wazimu wa pande mbili zilizo sawa, mvamizi na aliyevamiwa wanatiwa kapu moja.

Hata hivyo dini haikuacha vita bila mipaka. Mtume (SAW) alikataza kutamani kukutana na adui, akaamrisha kumwomba Allah usalama. Alipomwona mwanamke ameuawa vitani alikemea, akakataza kuuawa wanawake na watoto. Khalifa Abubakar Siddiq (Radhiya Allahu anhu) alipotuma jeshi Sham aliusia wasiuawe wazee, wasikatwe miti yenye matunda, wala yasibomolewe makazi. Katika sulhu ya Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria, Mtume (SAW) alikubali hata cheo chake kisiandikwe katika mkataba, ili damu isimwagike. Na Usama bin Zayd alipomuua mtu aliyekwisha tamka shahada, akidhani ameitamka kwa hofu tu, Mtume (SAW) alimkariria lawama mpaka Usama akatamani laiti angekuwa amesilimu siku hiyo ndiyo kwanza.

Mizani hii hatuwapimii wengine tu. Februari 1979 majeshi yetu yalipouteka mji wa Masaka, majengo mengi yalilipuliwa kwa kisasi cha yaliyofanywa Kagera. Masaka nayo ilikuwa na akina mama na watoto, na misikiti. Baada ya Amin kuanguka Aprili 1979, Waislamu kadhaa wa Uganda, hasa Ankole, waliuawa na kuporwa kwa kunasibishwa naye tu, ilhali wengi wao hawakuwa na mkono katika utawala wake. Aya ya 8 ya Suratul Maida inakataza chuki juu ya watu fulani isitupeleke kuacha uadilifu. Aya hiyo ni ngumu hasa kwa aliyedhulumiwa kwanza, na ndiyo maana imeteremshwa.

Nini kifanyike nyumbani

Mwaka 2003, kundi la Black Eyed Peas la Marekani lilitoa video ya wimbo "Where Is the Love?", wakati nchi yao imekwishaivamia Iraq. Ndani yake, stika zenye alama ya kuuliza zinabandikwa kila mahali: ukutani, kwenye nguzo na barabarani. Alama hiyo ndiyo tunayopendekeza ibandikwe katika kila nyumba ya Muislamu, si ukutani bali katika fikra za watoto.

Mzazi akae na mwanawe dakika chache baada ya Isha. Watazame pamoja kile ambacho mtoto angekitazama peke yake. Kisha amwulize maswali manne. Je, adui ameonyeshwa uso wake? Nani amekufa lakini hakuonyeshwa? Nani atafaidika ukikasirika baada ya kutazama? Na Mtume (SAW) angekuwapo hapo, angewakataza nini hawa wenye silaha?

Kisha simu iwekwe chini, na babu au bibi aombwe asimulie. Wapo Miembeni, Kanyigo, Kyaka na Muleba wazee wanaokumbuka usiku waliohama, nani alibebwa mgongoni na nani hakurudi. Wanapungua kila mwaka. Mtoto aliyesikia kutoka kinywa cha bibi yake namna vioo vilivyopasuka mwaka 1978, hatadanganywa upesi na video inayoonyesha vita kuwa ni tamasha. Na anayeweza ampeleke mtoto Kaboya, amwonyeshe safu za makaburi, amwambie kuwa kila jiwe lile ni mtu aliyekuwa na picha ya familia mfukoni.

Aya ya 32 ya Suratul Maida imetuwekea uzito wa nafsi moja: kuiua bila haki ni sawa na kuua watu wote, na kuihuisha ni sawa na kuwahuisha wote. Mwenye kuyahifadhi maana hayo moyoni, ataitambua picha ya haki na ataikataa ya batili, iwe na gitaa au iwe na kasida.

Tunamwomba Allah (SW) azilaze mahali pema roho za waumini waliopotea katika vita hivyo, pande zote za mto, awape subira waliobaki, na aijaalie miji yetu kuwa miji ya amani. Aamiin.

Wabillahi tawfiiq.